Bosi wa Karakana ya Kirumba

"Mambo, dada. Naomba uniitie bosi," alisema kijana mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, akikwepa matope ya soko la Mwaloni huku wauza dagaa wakimpigia kelele apishe.

Evelina alikuwa ndani ya ovaroli ya bluu, kilemba chekundu kichwani, plagi ya injini ya boti mkononi. "Bosi unaongea naye."

"Acha utani bwana!"

"Utani na nani? Nikuangalizie injini yako au niache?"

Jamani, neno bosi lilivyo rahisi pale Kirumba! Mteja ni bosi, mpiga debe ni bosi, hata mtu usiyemjua jina ni bosi. Lakini mwanamke afungue karakana yake, aajiri mafundi wanaume, ataitwa dada mpaka azeeke. Evelina lilimkera sana jambo hilo, na hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Yule kijana, Obedi, mwalimu wa Sengerema, akaomba radhi. Injini ya mjomba wake ilipona siku ile ile. Yeye mwenyewe hakupona. Ikawa simu kutwa.

"Bosi wangu, umekula?"

"Nimekula, mwalimu. Umesahihisha madaftari au unanifikiria tu?"

"Nakufikiria kwanza, mpenzi. Madaftari hayakimbii."

Mwaka haujaisha, mshenga akaleta barua ya posa. Evelina akaisoma: "...binti yenu, msaidizi katika karakana ya kaka yake." Akashika simu.

"Obedi, kaka yangu ni nani?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mimi sina kaka! Mmemtoa wapi?"

"Ni mama, mpenzi. Anasema ukoo hautaelewa mkwe anayewaamuru wanaume. Ni maneno tu, tukishaoana..."

"Kama ni maneno tu, mbona ya kweli yamewashinda kuandika? Barua yenu inarudi na bahasha yake. Nakupenda, Obedi, lakini kwa uongo siolewi!"

Akakata simu, akalia, maana alimpenda kweli. Barua ikarudi.

Wiki ya tatu Obedi akatokea karakanani, kakonda, na barua mpya ya mwandiko wake: "Evelina Mashimba, bosi na mmiliki wa karakana ya injini za boti, Kirumba."

"Mama hataki hata kuiona," alisema. "Nimekuja hivyo hivyo. Aibu ninayo kwa ile ya kwanza."

Evelina akamtazama, moyo ukamlegea. "Sitaki kuolewa kwa kumkimbia mama yako. Twende tukavuke ziwa, tukamwone leo leo."

Akavaa gauni la kitenge la njano. Kivukoni Obedi akamshika mkono, akaona kucha nyeusi kwa oili. "Tungetafuta limau usugue."

"Nimesugua. Haitoki, na sitaificha."

Walipofika Sengerema, Evelina akapiga goti mlangoni. "Shikamoo mama."

Mama akaitazama ile mikono, wee, akaitazama. "Marahaba. Ndiwe uliyerudisha barua yangu?"

"Ndimi, mama."

"Ukoo mzima umenicheka."

"Pole, mama. Ila kaka sina."

Mama hakutabasamu. Alivuta kigoda, akakipangusa kwa khanga yake. "Kaa hapa. Obedi, wewe toka nje. Nataka anieleze mwenyewe hiyo kazi yake."