Kidole cha Marereni

Hebu niambie, umewahi kumwonea mtu kijicho huku bastola iko kiunoni mwako?

Jefwa aliwahi. Asubuhi hiyo ya mwaka 1984 alisimama ndani ya kituo cha polisi cha Marereni, Browning kiunoni, akimtazama Idah akifungua mkoba wake. Lenzi ya shaba. Vitambaa safi, vimekunjwa mara nne. Penseli mbili, zimechongwa sawasawa.

Hata penseli zilimuudhi.

Idah ndiye aliyeteuliwa na makao makuu kuandika kanuni mpya za uchunguzi wa alama za vidole. Jefwa alikuwa ameifanya kazi hiyo ya uchunguzi miaka tisa kabla ya kuingia ujasusi. Hakuna aliyemuuliza neno.

Redio yake ya Motorola ikakoroma, ikimwita kwa jina lake la kijasusi.

"Mwewe. Mzigo unavuka saa sita."

"Wapi?"

"Hatujui."

Mzigo ni pembe za ndovu, zimefichwa ndani ya magunia ya chumvi, zikingojewa na boti ya wageni. Gunia moja lilikuwa limenaswa ghalani jana yake, na juu ya pembe pakakutwa alama ya kidole. Masha, mtunza ghala, akamnong'oneza Jefwa kwamba huyo ni Charo, mchota chumvi. Jefwa akalinganisha, akaona mistari saba inafanana. Charo akatiwa ndani. Ilibaki sahihi ya Idah tu, kisha Charo abanwe aseme boti iko wapi.

Idah hakutia sahihi.

"Bwana Jefwa, jina ulilijua kabla ya kutazama?"

"Nililijua. Kwani kidole kinaona haya?"

Idah akamweleza polepole. Mchunguzi haambiwi jina. Wawili hutazama, kila mtu peke yake. Na tofauti moja isiyoelezeka huifuta hiyo mistari saba inayofanana.

Jefwa aliiona ile tofauti jana. Aliiita vumbi.

Saa nne na nusu. Koplo Nyevu akawapaka wino watu wote sita walioingia ghalani juma lile, Charo na Masha wakiwemo. Kadi zikapewa namba. Majina yakafungiwa kwenye bahasha.

Idah akatazama, akaandika kwenye karatasi, akaikunja. Akamsogezea Jefwa lenzi.

Hapo ndipo shetani alipomkalia begani. Akiandika namba nyingine tu, kanuni za Idah zitaaibika, na Nairobi watakumbuka nani alikuwa fundi.

Nyuma ya vyuma, Charo alikuwa akifuta wino kwenye kaptura. Vidole vyake vimeliwa na maji ya chumvi, vimelainika kama kipande cha sabuni kuukuu.

Jefwa akainama. Kadi ya nne ilikuwa na kovu dogo, limekata mistari mshazari. Kwenye pembe, kovu lilelile.

Akaandika: nne.

Karatasi ya Idah: nne.

Bahasha: Masha.

Nje, alikokuwa akingoja Masha, pikipiki ya Suzuki ikanguruma.

Jefwa aliruka ndani ya Land Rover. Masha akakata kupitia tuta jembamba kati ya mabwawa ya chumvi. Jefwa akamfuata, magurudumu mawili yakining'inia hewani. Kwenye kona Suzuki ikateleza. Masha akatumbukia mpaka kifuani.

Browning ikamkodolea macho.

"Boti."

"Ngomeni. Nyuma ya mikoko."

"Kituo, hapa Mwewe. Ngomeni, mikokoni."

"Askari wako njiani."

Saa sita kasoro dakika tano Jefwa akafika Ngomeni, Masha amefungwa pingu nyuma ya gari. Boti ilikwisha kung'oa nanga. Jefwa akapiga risasi moja tu, kwenye injini ya Evinrude. Ikakohoa, ikanyamaza. Wageni watatu wakainua mikono, magunia ishirini yamewazunguka.

Aliporudi Marereni, Charo alikuwa ameshafunguliwa, akinawa mikono kwenye karai kama mtu aliyealikwa chakula. Alimpa Idah shikamoo, ingawa alimzidi umri. Kwa Jefwa, Charo aligeuza kisogo.

Jefwa aliifuta bastola, akairudisha kiunoni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban. Akatembea taratibu kuelekea garini.

Mkono ukiwa mlangoni, akasimama. Hakugeuka.

"Bi Idah."

"Naam."

"Kazi ya kuandika kanuni zile. Niliitaka mimi."