Redio Iliyotoka Ziwani

Jua lilikuwa linazama fundi mkuu alipomrushia Bisibisi funguo za ndege ndogo iliyokuwa hangani.

"Dakika kumi tu," alisema. "Pima redio, tia sahihi, nenda nyumbani. Alfajiri inaondoka na watu kumi na wawili."

Bisibisi alizidaka. Jina la Bisibisi alipewa na kaka yake siku alipoifungua redio ya mama yao, akiwa na miaka saba, akashindwa kuifunga. Sasa alikuwa fundi wa redio za ndege. Kaka, aliyekuwa rubani, alikuwa amekufa mwaka mmoja uliopita, na fundi mkuu alikuwa mtu ambaye Bisibisi hakuweza kumtazama usoni bila damu kumchemka.

Ndege ya kaka ilitumbukia ziwani jioni yenye ukungu. Mnara wa kuongozea ndege haukumsikia akiomba msaada. Tume ya uchunguzi ilikuja, ikamsikiliza fundi mkuu, ikaandika kwamba rubani alisahau kubadilisha masafa, akawa anaita mahali pasipo na mtu. Alisahau. Neno moja tu, na mtu aliyeruka miaka kumi na minne akazikwa na aibu. Hadi leo mama yao huuliza, "Kweli mwanangu alisahau?" Swali hilo lilimtia Bisibisi hasira kuliko msiba wenyewe.

Aliketi kwenye kiti cha rubani, akawasha betri. Kisanduku cha redio kina vidirisha viwili: cha kushoto kinaonyesha masafa unayoongea, cha kulia yale yanayosubiri. Unazungusha hadi namba unayoitaka ikae kulia, unabonyeza kitufe, namba zinabadilishana nafasi. Basi.

Akazungusha. Akabonyeza. Zikabadilishana.

Aliinama kuchukua kalamu.

Tik.

Alipoinua kichwa, namba zilikuwa zimerudi zilikotoka.

"Wewe vipi?" alikiuliza kisanduku, akabonyeza tena.

Tik. Zikarudi.

Ndipo harufu ikamfikia... ya tope, ya majani yaliyooza majini. Akawasha tochi, akamulika pembeni mwa kitufe. Palikuwa na kitone cha rangi ya kucha, nyekundu, kilichochakaa. Aliijua rangi hiyo kwa sababu ilikuwa yake. Kaka alimwibia kichupa ili kitufe akione haraka kukiwa na giza, na waligombana juma zima.

Kisanduku hiki kilikuwa cha ndege ya kaka, kililala nayo ziwani siku tisa. Mtu alikianika, akakifuta, akakifunga kwenye ndege nyingine kimyakimya.

Alizima kila kitu akaenda kwenye kabati la mafaili. Kwenye karakana ile kila kazi ilitiwa sahihi mbili, ya aliyeifanya na ya aliyeikagua, ingawa siku za pilika mafundi walikuwa wakitiliana sahihi rundo zima la kadi kwa kuaminiana tu. Akaitafuta kadi ya kisanduku hicho, akaipata. Siku nne kabla ya ajali, kwa mwandiko wa kaka: "Masafa yanarudi yenyewe." Chini yake: "Hakuna kasoro iliyoonekana." Kisha sahihi ya fundi mkuu.

Hakusoma zaidi. Hasira zilimpanda hadi machoni. Akaikunja kadi, akaitia mfukoni.

Fundi mkuu alikuwa ofisini, anakunywa chai.

"Ulijua," Bisibisi alimwambia.

"Nilijua nini?"

"Kisanduku ni kibovu. Kaka alikuambia. Halafu ukakaa mbele ya tume ukampaka matope."

Fundi mkuu alishusha kikombe taratibu. "Dada, mimi nilikipima mezani, kilifanya kazi. Tena rubani makini hukitazama kidirisha chake."

"Basi njoo ukakae wewe."

Alikuja, labda kwa kiburi tu. Akajitupa kwenye kiti cha rubani huku akisonya. Bisibisi alisimama nyuma yake. Betri ilikuwa imezimwa. Aliizima kwa mkono wake mwenyewe.

Kioo cha akiba kikawaka.

Ni kioo kidogo kinachomwonyesha rubani kimo na mwendo vile vikubwa vikifa. Ndege ilikuwa hangani, magurudumu yake yamewekewa vizuizi. Kioo kilisema futi elfu tatu na mia mbili.

"Kina betri yake hicho," fundi mkuu alisema. "Usiniletee ushirikina."

Elfu tatu. Elfu mbili na mia nane.

Redio ikakoroma. Halafu sauti, ya mbali, yenye maji ndani yake...

"Mnara... mnanipata? Ova."

Bisibisi aliziba mdomo kwa kiganja. Fundi mkuu alitaka kuinuka, hakuinuka. Mikanda ya kiti ilikuwa imemkaza mabega yote mawili, naye hakuwa ameifunga.

"Mnara, mnanipata?"

"Nifungue," fundi mkuu alinong'ona.

"Bonyeza," Bisibisi alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Rubani makini hubonyeza."

Alibonyeza. Tik. Akabonyeza tena, na tena, kidole kikigonga kile kitone chekundu. Tik. Tik. Elfu moja. Mia sita. Chini ya viti kukasikika maji yanaingia.

"Nani aliandika hakuna kasoro?" sauti iliuliza.

"Mimi," fundi mkuu alisema huku analia. "Nilijua. Hatukuwa na kingine. Mimi."

Sifuri.

Mikanda ikaachia. Aliteremka akianguka, suruali imelowa hadi kiunoni, akaenda zake bila kugeuka. Bisibisi hakumwonea huruma hata chembe. Mwaka mzima aliusubiri uso ule.

Akaketi, akavaa vipokea sauti, machozi yanamtiririka.

"Kaka, nakupata," alisema. "Nakupata vizuri. Hukusahau. Nitamwambia mama. Ova."

Halafu sauti ikaja karibu sana, sikioni kabisa.

"Sahihi ni mbili, Bisibisi. Ya pili ni ya nani?"

Aliitoa kadi mfukoni, akaikunjua, akamulika chini ya ile sahihi ya kwanza.

Aliitambua kabla hajaisoma, kwa ule mkia wake mrefu. Akaikumbuka na siku yenyewe: rundo la kadi mezani, fundi mkuu akisema tia tu nimeshapima, naye Bisibisi akitia moja baada ya nyingine huku akicheka na mtu kwenye simu.

Alivua vipokea sauti, akatoka mbio, akafunga kwenye mlango wa ndege kitambaa chekundu, alama ya ndege isiyoruhusiwa kuruka. Asubuhi haikuruka. Waliokuja kukifungua kisanduku walisema kutu imekula kitufe, na kwamba hilo linatosha kueleza kila kitu. Kuhusu viti vilivyolowa hawakuandika chochote.

Yeye alikuwa kwa mama, ameiweka kadi juu ya meza ya jikoni. Angeweza kuichana ile sehemu ya chini. Usiku kucha aliwaza hivyo, na alijichukia kwa kuwaza.

Mama alivaa miwani, akasoma taratibu.

"Kwa hiyo hakusahau."

"Hakusahau, mama."

"Washenzi," mama alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitukana. Kidole chake kilishuka kwenye karatasi, kikapita sahihi ya kwanza, kikasimama. Nyuma yake, kwenye rafu, redio kuukuu ambayo haikuwa imefungwa vizuri tangu Bisibisi akiwa na miaka saba ilifanya tik.

"Na hii ya pili," mama aliuliza, "ni ya nani?"