Anayekaa Kushoto

Mikono ilizidi. Hilo ndilo lililomfanya Vidole ainue kichwa kwenye mto.

Alasiri hiyo alikuwa amejilaza chumbani, uso kauelekeza ukutani, anajifanya amelala ili mama yake asimtume kupeleka magauni ya wateja. Upande wa pili wa ukuta mdogo wake, Kitinda, alikuwa kwenye mazoezi ya piano. Ilikuwa piano ya umeme, na mtoto alivaa hedifoni kama mama alivyoamuru tangu wapangaji wa juu walipolalamika, kwa hiyo muziki wote uliishia masikioni mwake. Kilichovuka ukuta ni mgongano wa vibonyezo tu, to-to-to, to-to-to, kama mvua inayoanza juu ya bati.

Vidole hakuhitaji kusikia nota. Kibao hicho alikijua hata usingizini. Washindani walikiita Mvunja-mikono, na wapo waliokiacha katikati ya jukwaa wakatoka wakilia. Mkono wa kulia unapanda mbio bila kupumua, wa kushoto unaruka huku na kule kama mtu aliyekanyaga makaa, na pale katikati hapana kitu, maana binadamu hakupewa mikono mingine. Leo katikati palikuwa na kitu. Juu, mkono wa kulia wa Kitinda. Chini, wa kushoto. Na katikati, kwa raha zake, bila haraka yoyote, mikono mingine ikijaza mapengo.

Aliinuka, akaenda peku, akasukuma mlango.

Kitinda alikuwa peke yake. Alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi, upande wa kulia, nusu ya makalio nje, kama mtu aliyempisha mgeni. Chumba kilinuka maua yaliyoachwa kwenye maji mpaka yakaoza.

"Mbona umebanana pembeni hivyo?" Vidole akauliza.

Mtoto alivua hedifoni polepole. "Nimekaa tu, dada."

"Na hii harufu?"

Kitinda alimtazama, kisha akatazama sehemu tupu ya benchi, kama anayeomba ruhusa.

Jina la Vidole alipewa na mtaa mzima, zamani, alipokuwa mdogo kiasi kwamba miguu yake haikufika kwenye pedali. Majaji walikuwa wakivua miwani na kumtazama upya. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea gauni jipya kila mashindano, na picha za magauni hayo bado zilijaa sebuleni. Halafu, akiwa na miaka kumi na miwili, mambo yakakatika kama maji ya bomba. Aliamka siku moja mikono imekuwa mikono tu. Tangu hapo alikuwa akipiga kwa jasho, na mwalimu wao, mzee mpole mwenye taulo shingoni, kila akiulizwa alisema, "Anajitahidi." Hakuna neno Vidole alilolichukia kama hilo. Lilikuwa neno la kuwaambia watu wanaopika vibaya.

Kumbe kubaya zaidi kulikuwa mbele. Mwaka uliopita Kitinda, ambaye hata kupiga mluzi kulimshinda, alikaa kwenye piano kwa mchezo. Miezi haikupita mingi mwalimu akawa analia waziwazi, anajifuta kwa lile taulo. "Vidole wa kweli ni huyu," alisema, mwenye jina lake akiwa amesimama palepale na trei ya chai. Kisha akageuka kumwomba radhi, akaharibu zaidi.

Waliingia mashindano wote wawili. Kitinda alipita kwenda fainali. Vidole alitajwa kuwa wa akiba, yaani anakaa anasubiri mwenzake augue. Mama aliwakumbatia kwa pamoja. "Hongera zenu wote wawili!"

"Zetu wote wawili," Vidole akasema, akaingia ndani, akachukua bisibisi na kulegeza skrubu zote za benchi. Baadaye alisimama mlangoni kusubiri kishindo. Kitinda alikaa, akapiga kibao chote, akainuka. Benchi halikutikisika hata kidogo. Miguu ya benchi ilikuwa imejitenga na kiti, inaonekana kabisa, na bado lilisimama wima kana kwamba kuna mtu amelishika kwa chini.

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kudhuru watu. Rafiki yake Kitinda alikuja kumwita wakacheze mpira. Kitinda alicheka, akasema anakuja, na yule mtoto aliporudi nyuma hatua moja aliporomoka ngazi zote akavunjika mkono. Alisema alivutwa shati. Mama naye alimpapasa Kitinda kichwani akiwa anapiga piano, akamwambia, "Mwanangu wa dhahabu." Asubuhi iliyofuata sindano ya cherehani ilimwingia kidoleni ikatokea upande wa pili, mashine ikiwa imezimwa. Mtoto akaacha kucheka. Akaacha kula mezani na wenzake. Mama akinyoosha mkono, yeye anarudi nyuma.

"Usinikaribie, mama," alinong'ona. "Tafadhali. Hapendi."

"Nani hapendi?"

"Anayekaa kushoto."

Siku hiyo mama alienda kumpigia simu shangazi yao, dada wa marehemu baba, ambaye watu walimpelekea waliopagawa kutoka mbali. Vidole alibaki na Kitinda kwenye korido. Mtoto alikuwa amekonda, macho yamezama, na ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi kama zilizochovywa kwenye wino. Yeyote angemhurumia. Vidole alimtazama, na kilichomjia kooni hakikuwa huruma.

"Anakufundisha yeye, siyo?" akauliza. "Huyo ndiye anayepiga. Si wewe."

"Tunapiga wote." Kitinda alishusha sauti zaidi. "Wewe hatakufanya kitu, dada. Ameniambia anakujua."

Jioni umeme ulikatika mtaa mzima. Mama alikuwa nje akitafuta mshumaa kwa jirani, Kitinda kajifungia chooni. Vidole aliingia chumba cha piano. Taa ndogo nyekundu ya piano ilikuwa imezimika, bonyeza usibonyeze ni plastiki tu. Alipitisha mkono kwenye benchi. Upande wa kulia palikuwa baridi. Upande wa kushoto palikuwa na joto, joto la mahali mtu aliponyanyuka sasa hivi, au hajanyanyuka.

Alikaa kulia. Akavaa hedifoni.

Mwanzoni ilikuwa kimya, ukimya ule wa masikio yaliyozibwa, ambamo unasikia damu yako mwenyewe. Kisha damu hiyo ikaanza kufuata mapigo, na mapigo yakawa nota, na nota zikawa Mvunja-mikono, kikipigwa polepole mno, jinsi mtu anavyompigia mtoto ili alale, ndani ya mashine isiyo na umeme, huku ile harufu ya maua yaliyooza ikipanda kutoka kwenye vibonyezo na kumwingia puani mpaka kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo alipoitambua, kwani alikuwa ameinusa miaka yote ya utoto wake, kila jukwaa, kila zawadi, akidhani ndivyo piano zote duniani zinavyonuka.

"Umekuwa mkubwa," sauti ilisema katika sikio la kushoto.

Mwingine angepiga yowe. Vidole alifungua mdomo kupiga yowe, na yakatoka maneno mengine kabisa.

"Kwa nini uliniacha?"

Nota ziliendelea. "Uliniacha wewe. Mtoto aliugua homa, ukakaa naye hospitali, ukamshika mkono. Ukaniambia piano isubiri. Mimi sisubiri." Kukawa na kicheko kidogo, kikavu. "Nilipenda nijue ana nini huyo mtoto, mpaka nikaachwa kwa ajili yake. Nikahamia kwake."

Vidole aliing'oa hedifoni akakimbia. Alilala na shuka kichwani, na usiku kucha wivu ulimtafuna kama jino bovu. Ila haukuwa tena ule wa zamani. Haukuhusu makofi wala mwalimu na taulo lake. Alimwonea mdogo wake wivu kwa kuwa ndiye aliyepagawa.

Shangazi alifika siku mbili kabla ya fainali, mwanamke mnene wa miwani mizito, na mkoba uliojaa ubani na dawa zake mwenyewe za presha. Alimkalisha Kitinda sakafuni, akaweka beseni la maji mbele yake, akafukiza, akasoma dua zake kwa sauti ya chini bila kukoma. Alipoweka kiganja utosini mwa mtoto, piano nyuma yao iligonga kibonyezo kimoja. To.

"Nimekusikia," shangazi akasema bila kugeuka. "Huyu mtoto si wako."

Kisha akawatazama mama na Vidole juu ya miwani. "Sikilizeni vizuri. Huyu ni wa wivu. Hatoki kwenda hewani, anatoka kwenda kwa anayemtaka. Kwa hiyo kila aliye humu aseme kwa kinywa chake kwamba hamtaki. Na amaanishe. Mtoto, anza."

"Sikutaki," Kitinda alisema, machozi yakimtiririka. "Nataka mama yangu."

Vibonyezo vilianza kugonga, juu, chini, katikati.

"Sikutaki!" mama alipaza sauti. "Toka kwangu, toka kwa mwanangu!"

"Na wewe, binti."

Vidole alikuwa amesimama ukutani, na moshi ulikuwa mzito, na to-to-to ile ilikuwa imejaa chumba kama kundi la panya linalokimbia juu ya dari, maji ya beseni yakitetemeka kwa mapigo yaleyale, Kitinda akipinda mgongo mpaka kisogo kikagusa sakafu huku vidole vyake vyeusi vikicheza hewani kibao ambacho hakuna aliyekisikia, na katikati ya yote hayo yeye aliiona fainali, akaiona nafasi ya akiba, akaona mikono yake mwenyewe imekuwa ile ya zamani na majaji wanavua miwani, akajua kwamba anachotakiwa kusema ni neno moja tu na kwamba hakuna mtu yeyote, hata shangazi, awezaye kuona lililo chini ya neno.

"Sikutaki," akasema.

Vibonyezo vikanyamaza. Kitinda akalegea kama nguo iliyodondoka kwenye kamba, kisha akakohoa, akafungua macho, akaomba mkate. Ncha za vidole vyake zilikuwa safi. Mama alimkumbatia, akalia, akacheka, akamwambia atakula duka zima akitaka. Shangazi alinusa hewa mara kadhaa, pembe hii na ile, akatikisa kichwa kuridhika. "Ametoka," alisema. "Mwageni maji haya mbali na nyumba."

Vidole ndiye aliyelibeba beseni. Uani, alipokuwa akiinama kumwaga, alihisi joto kwenye shavu la kushoto, kama mtu anayesogeza uso kunong'ona. Hakugeuka. Alitabasamu.

Kesho yake Kitinda alikaa kwenye piano akapiga kwa kidole kimoja wimbo wa tangazo la sabuni, akakosea, akacheka mpaka akashika tumbo. Zaidi ya hapo hakuweza, wala hakujali. Mama alipiga simu kwa waandalizi kuwaeleza kwamba kijana ameugua. Wakamwambia yupo wa akiba. "Ni dada yake," mama akasema, kwa fahari.

Ukumbi ulijaa siku ya fainali. Vidole alipanda jukwaani, akakaa mwisho wa benchi, upande wa kulia. Kilichofuata watu walikisimulia kwa muda mrefu. Alipiga Mvunja-mikono kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya kupumzika. Wapinzani wake walisimama nyuma ya pazia midomo wazi, mmoja wao akifumba macho kwa uchungu. Mwalimu alikuwa ameliuma taulo. Yeye mwenyewe alikuwa anaelea, bega lake la kushoto likigusana na bega jingine, miaka yote ya "anajitahidi" ikimdondoka kama magamba, na alipopiga nota ya mwisho ukumbi ukalipuka.

Kitinda hakungoja. Alichomoka kwenye kiti chake, akapita katikati ya miguu ya watu, akafika chini ya jukwaa, mikono juu, uso unang'aa. "Dada yangu huyo!" alipaza sauti kwa kila mtu. "Huyo ni dada yangu! Dada! Dada, nibebe!"

Hakukuwa na chembe ya wivu ndani ya mtoto yule. Vidole alimwona, na moyo wake wote ukamwendea, kama ulivyomwendea kwenye kile kitanda cha hospitali. Akanyoosha mkono.

Taa kubwa iliyoning'inia juu ya Kitinda ikalia, skrubu yake ikajisokota nusu mzunguko.

"Nani huyo kwako?" sauti ikauliza, kwa upole sana, sikio la kushoto.

Alipata muda wa kujibu chochote. Angeweza kusema ni ndugu yangu, ondoka, sikutaki, safari hii kwa kumaanisha. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, shangazi alikuwa safu ya pili. Alirudisha mkono.

"Simjui," akasema.

Taa ikatulia. Alimpita Kitinda kwa juu, akainama mbele ya majaji, akapokea maua. Mtoto alibaki chini ya jukwaa, mikono bado imeinuliwa, akidhani hajaonekana, akiita tena na tena. Baadaye Vidole angejiambia kwamba alisema vile ili kumwokoa, na mara nyingine angeamini. Ila pale jukwaani, makofi yakimwagika, kilichomtia baridi mifupani ni kwamba neno lile lilitoka laini, bila kukwama popote, na kwamba mkono wa joto uliokuwa ukimpapasa shavu kumpongeza, alikuwa ameuegemea.