Kilichouchoma Mdomo wa Zipora

Zipora alikuwa mtu wa kutazama. Akipepeta uwele, alitazama upepo unatoka wapi. Akikamua mbuzi, alitazama ni yupi amepunguza maziwa, kisha akajiuliza jana alichungwa wapi. Mama mkwe wake alipenda tabia hiyo. Lakini hayo yalikuwa kabla ya malengelenge.

Waliishi kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, upande wa Zuzu, magharibi mwa Dodoma. Ilikuwa miaka ya Wajerumani, reli ilipokuwa ikisogea kuelekea Tabora. Matonya, mume wa Zipora, alichimba tuta la reli pamoja na vijana wengine. Alirudi nyumbani mara mojamoja, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nyumbani walibaki Zipora na mama mkwe, ambaye watu wote walimwita Mama Matonya.

Mwaka huo, baada ya kupura uwele, Zipora alikwenda Msalato kuwasalimu wazazi wake. Alitembea kutwa juani. Alirudi vilevile kwa miguu, upepo wa kiangazi ukimpiga usoni. Alipofika, mdomo ukaanza kuwasha. Kesho yake malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga kwenye ukingo wa mdomo wa chini. Yalijaa maji na kuchoma kama makaa.

Mama Matonya alimwona anapita na kibuyu cha maji, kaniki ameivuta mpaka puani.

"Ondoa nguo hiyo, nikuone."

Zipora akaondoa.

"Huko kwenu wanakula kanga," mama mkwe akasema.

Ndege huyo, kanga, alikuwa mwiko wa ukoo wa Matonya. Hawakumla wala hawakuokota mayai yake. Mwanamke aliyeolewa hapo aliacha kula kanga siku aliyoingia mlangoni. Na ilisemwa kwamba anayemla kwa siri, mdomo wake utamchoma mpaka watu wote waone.

"Sikula, mama. Nilikula ugali na mlenda tu."

"Mdomo wako unasema mengine."

"Mbona hata masika nilitoka malengelenge hivihivi nilipoumwa homa? Sikuwa nimekwenda Msalato."

"Kwa hiyo na humu ndani ulimla?"

Zipora akainua kibuyu chake, akapita. Aliona kila neno linamwongezea kosa.

Matonya aliporudi, mama yake alimweleza mbele ya mkewe. "Safari hii nimevumilia. Yakitoka tena, namrudisha kwa baba yake. Sitaki mwiko uvunjwe humu, halafu mtoto atakayezaliwa ndiye aumie."

Matonya alimgeukia Zipora. "Ulimla?"

"Sikumla."

"Basi usimle."

"Nisimle ndege ambaye sikumla?"

Matonya alijikuna kichwa. Kabla ya kurudi kambini alimwambia pembeni, kwa sauti ya chini, "Mama akisema urudi, mimi nitasimama wapi? Angalia usitoke malengelenge tena."

Lakini mtu ataangaliaje asitoke, kama hajui kinachomtoa? Hilo ndilo lililomkosesha Zipora raha. Mama mkwe alimtengea chungu chake na kata yake ya kunywea. Malengelenge yakakauka, gaga likadondoka, mdomo ukawa safi. Bado Zipora alikula kwa woga, akilitazama kila tonge kabla ya kulitia mdomoni.

Mbuga ya Bahi ilipokauka, wanawake walijiandaa kwenda kukwangua udongo wa chumvi. Mama Matonya akasema, "Mwaka huu nakwenda na wewe. Utakula kinachotoka mkononi mwangu. Utakunywa nikikuona."

"Sawa, mama."

"Mbona unafurahi?"

"Na mimi nataka kujua."

Mama Matonya alimtazama kidogo, akaendelea kufunga mzigo.

Kazi ya Bahi ilikuwa nzito. Walikwangua udongo mweupe, wakautia kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, wakamwagia maji. Maji ya chumvi yalidondoka polepole, nao wakayachemsha mpaka yakakauka. Jua liliwaka juu, na weupe wa ardhi ukalirudisha usoni. Upepo haukutulia. Chakula kilikuwa unga wa uwele uliokorogwa kwa maji, tena kidogo, na usingizi ulikuwa wa kuibia kati ya moto na moto.

Mama Matonya alitimiza neno lake. Alimpa kila tonge mwenyewe. Zipora akienda kichakani, nyuma yake kilisikika kikohozi.

"Mama, huku hakuna kanga."

"Kuna kichaka."

Wanawake wengine walicheka. "Zipora, mkweo anakuchunga kuliko ng'ombe."

"Ng'ombe angekuwa amekwisha kunona," Zipora akajibu, na hata Mama Matonya alificha tabasamu.

Siku ya kufunga mizigo, Zipora alisikia mdomo unawasha. Ni palepale. Angeweza kuvuta kaniki usoni kama mtu anayekinga vumbi, asiseme lolote. Alifikiri hivyo wakati akikaza kamba ya mzigo. Kisha akaiacha kamba.

"Mama, yanakuja."

"Nini?"

"Yale yale. Huanza kwa kuwasha kabla ya kutoka. Angalia sasa, mdomo bado safi. Nimekuambia mapema ili uone mwenyewe."

Mama Matonya akausogeza uso wake karibu, akatazama. Hakukuwa na kitu. Asubuhi iliyofuata malengelenge yalikuwa yamejaa.

Mama mkwe aliketi juu ya mzigo wake wa chumvi. Akaitazama mikono yake.

"Nimekulisha kwa mikono hii."

"Ndiyo, mama."

"Sikukuacha."

"Hukuniacha hata kidogo."

Mama mkwe akaigeuza viganja juu. "Basi ni mimi niliyekulisha kanga?"

Zipora hakucheka, maana mama mkwe hakuwa anatania. Alikuwa anauliza.

Njia ya kurudi ilipita kambi ya reli ya Zuzu. Hapo alikuwapo Mwanne, mwanamke Mwislamu wa mjini aliyewapikia wafanyakazi na kuwatunza waliolala na homa. Alikuwa mnunuzi wao wa chumvi.

"Shikamoo, Bi Mwanne," Zipora akamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi, dada," akamsalimu Mama Matonya kwa Kigogo chake kibovu, kisha akauona mdomo wa Zipora. "Jua la Bahi limekufanyia hivyo?"

Mama Matonya alishusha mzigo kwa haraka. "Jua? Kwa nini umesema jua?"

"Kwa sababu nayaona kila mwezi, dada. Nimepikia kambi hii tangu reli iko Kilosa. Nimewapikia Wanyamwezi, Wasukuma, Waluguru, Wamanyema. Kila mtu na mwiko wake. Homa ikiwashuka, midomo yao imetoka hivihivi."

"Kwetu anayetoka hivi amekula kanga."

"Kambi nzima hii?" Mwanne akauliza. "Kanga wenyewe wangetoka wapi?"

Matonya alikuwa amewaona akaja, jembe begani. Alisikia, akacheka kidogo. Mama yake alimtupia jicho, akaacha.

Zipora alisogea karibu na Mwanne. "Sasa ni nini?"

"Ni ugonjwa wa kuambukizana. Hupita kwa mate na kwa kugusana. Wengi huupata utotoni, kwa kubusiwa, labda kwa kunywa kata moja na mgonjwa. Wengine hawatoki kitu maisha yao yote. Ukishaingia mwilini hauondoki. Unalala."

"Unalala wapi?"

"Nilimuuliza mganga wa Kijerumani wa reli. Alisema hajui. Anajua tu kwamba ukiamka, huamkia palepale."

Zipora akafikiri. "Na unaamshwa na nini?"

"Nitakwambia nilichokiona. Homa, jua kali, upepo mkavu. Mtu akichoka sana, akikosa usingizi, akilala njaa. Wanawake wengine hutoka wakikaribia siku zao. Na mtu akiwa na hofu au huzuni nyingi."

Zipora alirudi nyuma kichwani, safari kwa safari. Masika aliumwa homa. Msalato alitembea juani baada ya kazi ya kupura. Bahi alikuwa na jua, njaa na uchovu, vyote pamoja.

"Na hofu," akasema polepole. "Tangu siku ile nakula kwa hofu."

Mama Matonya aliinamisha macho. Kisha akauliza, "Na chakula? Hakuna chakula kinachoyaleta?"

"Wengine wanalaumu karanga. Nikasema nitazame. Nimeona wanaokula karanga kila siku na hawatoki. Nimeona wasiozigusa, wanatoka. Kwa hiyo siwezi kusema ni karanga. Ninachoona ni kwamba mwenye kula kidogo na kuchoka sana ndiye anayetoka mara nyingi. Chumvi na pilipili haziyaleti, ila zinachoma kidonda kikiwa tayari kipo."

"Nikiona chakula fulani kinatangulia kila mara, je?" Zipora akauliza.

"Kiache kwa muda, utazame. Ukiona hakuna tofauti, kirudie. Kukisia tu kusikunyime chakula cha kukupa nguvu."

"Dawa yake?" Matonya akauliza.

"Ya kuung'oa hakuna. Malengelenge hukauka yenyewe. Asiyatumbue, asibandue gaga. Apake samli safi kidogo mdomo usipasuke. Akigusa, anawe mikono, na asipeleke vidole machoni, maana macho yanaweza kuharibika. Kata yake iwe yake peke yake mpaka pakauke."

"Kata nilishamtengea," Mama Matonya akasema.

"Ulifanya vizuri, dada."

"Nilifanya kwa hasira."

"Hata hivyo imesaidia."

Kisha Mwanne akaacha kupima chumvi. "Jambo moja sitalisema kwa mzaha. Mtoto mchanga. Mwenye malengelenge asimbusu, asimpulizie mate. Kule Kilosa kichanga kimoja kilibusiwa na bibi yake akiwa hivi. Kikatoka malengelenge, kikashikwa na homa, hakikupona. Mganga hakuwa na hakika kama ndiyo sababu. Mimi tangu siku hiyo sisubiri hakika."

Wakati ule hakuna aliyelijua jina la kijidudu hicho. Leo kinaitwa kirusi cha herpesi. Wataalamu wamegundua kwamba hulala kwenye mishipa ya fahamu, na kwamba kinaweza kumwambukiza mtu hata kabla malengelenge hayajaonekana. Siku hizi dawa za kufupisha ugonjwa zipo hospitalini. Kukiuma jichoni, au mtoto mchanga akipata malengelenge au homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lakini hakuna chakula kilichothibitishwa kuwa ndicho kinachouleta, wala chakula kinachouponya. Mengi aliyoyaona Mwanne kwa macho yake bado yanasemwa hospitalini.

Walipofika nyumbani, Mama Matonya alichukua chungu alichokuwa amemtengea Zipora, akakirudisha jikoni kando ya vyungu vingine. Kata aliiacha palepale mpaka mdomo ukapona. Matonya alipokuja kulala nyumbani, mama yake alimwambia neno moja tu: "Mkeo haendi popote."

Kiangazi kilichofuata walikwenda tena Bahi, lakini walikwenda kwa namna nyingine. Walisuka kofia pana za ukindu. Walifanya kazi asubuhi na alasiri, mchana wakapumzika chini ya kibanda cha matawi. Walichukua kunde, maziwa ya mgando na maji mengi zaidi. Walipokezana kuchochea moto, ili kila mmoja apate usingizi wake. Wenzao waliwatania kwamba wamekuja kustarehe. Chumvi yao ilipungua kidogo, na Zipora alirudi nyumbani na mdomo safi.

Siyo kwamba malengelenge yalikwisha kabisa. Masika alishikwa na homa, yakatoka machache. Mama Matonya alimkorogea uji, akamwambia alale. Kanga hakutajwa. Waliendelea kutomla, kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba hiyo, ila hawakumtumia tena kumhukumu mtu.

Mwaka uliofuata Zipora alijifungua mtoto wa kike. Siku ya kumtoa mtoto nje ilipofika, ndugu walikusanyika uani. Kwa desturi yao, bibi hutia maji mdomoni mwake, akampulizia mtoto kifuani, kisha akasema maneno ya baraka. Mama Matonya alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Matonya aoe. Lakini juma hilo alikuwa ametoka kuumwa homa. Alisimama mbali, karibu na zizi, kaniki mdomoni.

"Mama, tunakungoja," wifi yake Zipora, Ruthu, akaita.

"Leo sipulizi."

"Mtoto atatokaje bila mdomo wa bibi yake?"

Mama Matonya akaondoa kaniki. Malengelenge yalionekana wazi, na hakuyaficha. Ndugu walitazamana. Wengine walimkumbuka kanga, lakini nani angemwambia yule mama neno hilo?

"Mdomo wa bibi yake ni mgonjwa," akasema. "Utapona, nami nitamshika mjukuu wangu. Siyo leo. Zipora, nawa mikono vizuri, umnyunyizie maji kwa vidole."

"Na maneno, mama?"

"Unayajua?"

"Nimeyasikia. Lakini ni maneno ya ukoo wenu."

"Basi yaseme. Mdomo wako nauamini."

Zipora alinawa. Akachovya vidole, akayanyunyiza maji kifuani mwa mwanawe, na mtoto akakunja uso kwa baridi. Kisha akaanza kusema, taratibu, neno baada ya neno, na kila alipotua, sauti ya Mama Matonya ilikuwa ya kwanza kuitikia kutoka kule zizini.