Bimdogo na Waoshaji Wake

Bimdogo wa Lupaso ni mtu wa mipango. Hata watakaomwosha akifa ameshawachagua: binti yake Rahima, na shoga yake Shakila. Mtu mwingine asimguse.

Siku moja anabangua korosho, tumbo likamkata. Daktari wa mjini akakuta uvimbe, akasema apasuliwe mapema. Bimdogo akakataa. Alikuwa amesikia redioni kwamba huko mbali, mtu wa mochwari amemwingilia maiti wa kike. Je, akifia hospitali, nani atamlinda?

Tumbo likazidi kuvimba. Rahima alibembeleza mpaka akachoka. Akamwita jirani yao Dina, msaidizi wa sheria.

"Shikamoo, Mama Rahima."

"Marahaba. Kama umekuja kunipeleka kupasuliwa, kunywa uji uende."

Dina akacheka, akanywa uji, asiende. Akaeleza kwamba kumdhalilisha maiti ni kosa hata leo. Ndugu wakishuku jambo, waende polisi, wasinyamaze. Tena wanaweza kuomba maiti wa kike ashughulikiwe na wanawake.

"Ila sheria inasema juu juu," Dina akasema. "Sisi wasaidizi wa sheria tunataka kosa la kumwingilia maiti litajwe waziwazi, na adhabu yake."

"Mbona halitajwi?"

"Watu wanaona aibu kulisema."

"Aibu ni ya aliyefanya," akasema Bimdogo. "Mimi nimefanya nini?"

Hapo akakubali kwenda, ila waoshaji wake waende naye. Wakafika hospitali watatu, na ndoo zao na kanga. Muuguzi akawatazama, akauliza mgonjwa ni nani.

"Mimi," akasema Bimdogo. "Hawa ni wa akiba."

Akapasuliwa, uvimbe ukatoka. Wale wa akiba wakaambulia kumfulia kanga tu.

Alipopata nafuu, Dina akaomba mkutano wa kijiji, watu watoe maoni juu ya sheria hiyo, yapelekwe kwa mbunge. Mwenyekiti akaanza kuzungukazunguka: lile jambo, lile la kule, mnalijua. Wazee wakainamisha macho. Bimdogo akasimama taratibu, mkono kwenye kidonda.

"Mwenyekiti, mimi nikishikwa bila ridhaa nikiwa hai, nitapiga kelele mpaka watu wa Nanganga kule mbali wasikie. Nikifa sina sauti. Nataka sheria inipigie kelele. Sasa wewe uliye hai unaogopa hata kulitaja?"

Mwenyekiti akakohoa. Halafu akalitaja kwa jina lake, na mkutano ukaanza.