Mashine Isiyomeza CD

“CD inaingilia wapi?”

Nilimuuliza mchumba wangu Zaidi swali hilo nikiwa nimepiga magoti mbele ya televisheni, CD ya mpira mkononi, nikiigeuza geuza ile mashine ya gemu, PS 5, aliyoniletea. Juu hakuna tundu. Pembeni hakuna. Nyuma kuna matundu ya waya tu.

“We ingiza tu,” alisema.

“Niingize wapi? Mdomoni mwako?”

Godlisten, dereva bodaboda anayekuja kucheza kwangu akisubiri abiria, alicheka hadi pedi ya kuchezea ikamponyoka. Zaidi hakucheka. Alikuwa ametoka Handeni na shati lililopigwa pasi hadi linakata, na miwani ya jua usoni ndani ya banda lenye giza. Yule hata msibani angeingia nayo.

“Mwaija, za kisasa hazitumii CD,” alisema polepole, kama anamfundisha mtoto kunawa. “Wewe unajua nini kuhusu mashine za gemu?”

Nicheke au nilie? Banda hili la gemu hapa Manundu, Korogwe, ni langu. Nimelianzisha mwenyewe, na yeye hata kushika pedi alijifunza kwangu. Lakini tangu tuanze habari za ndoa, ghafla kila kitu akawa anakijua yeye.

Ugomvi wenyewe ulianza pale PS 4 yangu ilipoanza kuchemka na kujizima katikati ya mechi. Mimi nilitaka PS 4 nyingine. Mafundi wanaijua, pedi zake zinapatikana hapa hapa mjini, na CD naazimana na mwenzangu wa Mombo. Yeye akakunja pua.

“Mke wangu hawezi kukaa na mashine ya makapuku.”

“Bado si mke wako.”

“Ijumaa barua ya posa inafika kwa shangazi yako. Hiyo ya zamani nipe, naipeleka Tanga, duka moja wanabadilisha, naongezea, nakuletea PS 5. Mashine anachagua mwanaume.”

Nikampa. Nilimpa kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu ana sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unasahau ulichotaka kukataa. Sasa ndiyo hiyo PS 5 imefika, haimezi CD, na mimi nina kabati zima la CD.

“Boksi lake liko wapi?”

“Lililowa njiani.”

“Lililowa na nini? Korogwe nzima vumbi.”

“Umeshaanza.”

Niliishika pedi. Mpira wa chini ya kidole gumba cha kushoto ulikuwa umelika hadi unateleza. Mtu alikuwa ameicheza ile pedi mpaka imemzoea. Nikawasha. Kwenye kioo likatokea jina la mtumiaji: HUSNA_CHANIKA.

“Husna ni nani?”

“Mwenye duka. Wanajaribishia kabla hawajauza.”

“Duka si lipo Tanga? Chanika si pale Handeni mjini kwenu?”

“Kwani watu hawahami?”

Nikaliacha hilo, maana shangazi alishanunua mchele wa Ijumaa na mimi nilikuwa bado nataka kuolewa. Ndani mlikuwa na gemu ya mpira tayari, ila ilikataa kufunguka bila intaneti. Nikawasha hotspot ya simu yangu, bando langu mwenyewe. Kidogo tu, mashine ikalia kengele na ujumbe ukashuka kwenye kioo. Godlisten akausoma kwa sauti kabla yangu:

“MWAIJA_MANUNDU: Wewe uliyewasha mashine yangu, ni nani?”

MWAIJA_MANUNDU ni mimi. Hiyo ndiyo akaunti yangu, ile iliyokuwa kwenye PS 4 niliyompa Zaidi. Nilikuwa naandikiwa na jina langu mwenyewe.

“Virusi hivyo,” Zaidi alisema. “Zima haraka.” Akaufuata waya ukutani.

“Gusa hiyo soketi nikuvunje kidole.”

Akaurudisha mkono. Nikaandika kwa pedi, herufi moja moja:

“Mwaija ndiye mimi. Wewe ni nani, na jina langu umelipata wapi?”

Jibu halikuchelewa.

“Naitwa Husna, nina banda la gemu Chanika. Mashine uliyowasha ni yangu. Mume wangu alisema imeharibika, ipo kwa fundi Tanga. Akaniletea PS 4 yenye jina lako niitumie kwa muda, eti kakodi. Jina langu nililiweka rafiki humu, nikasema siku likiwaka nitamjua fundi. Mume wangu anaitwa Zaidi. Wewe ndiye fundi?”

Nilimgeukia. Miwani alikuwa ameshaivua.

“Una mke.”

“Mwaija, nilipanga kukueleza baada ya posa.”

“Kwa nini uharakishe? Ungesubiri hadi mtoto wa tatu.”

“Dini inaruhusu.”

“Dini imekuruhusu mke wa pili. Imekuruhusu kumwibia wa kwanza mashine uje kunihonga mimi, halafu yangu ukamzibe nayo mdomo? Onyesha aya.”

“Ngoja kwanza,” Godlisten alidakia. “Ina maana huyu jamaa hakununua chochote? Hata waya?”

“Hata waya.”

“Dah! Alichotoa yeye ni nauli tu.”

Husna akatuma namba yake. Nikapiga kwa video. Akatokea mwanamke wa umri wangu, mtandio begani, na nyuma yake niliiona PS 4 yangu na ile stika ya ua niliyoibandika mimi mwenyewe.

“Yupo hapo?” aliuliza.

Nikamgeuzia simu. Zaidi akajaribu kutabasamu.

“Mke wangu...”

“Usiniite. Wewe ndiye uliyeniambia fundi kasema mashine inahitaji uangalizi maalumu?”

“Nilikuwa nataka kuwaunganisha taratibu.”

“Sisi ni spika, Zaidi?” Husna alimuuliza. “Dada Mwaija, ulijua kama ana mke?”

“Wallahi sikujua. Posa ilikuwa Ijumaa.”

“Nimekuelewa. Mimi nimeishi naye, namjua. Kitu pekee alichowahi kununua kwa hela yake ni hiyo miwani.”

Zaidi alipoona hapati huruma kokote, akapandisha sauti.

“Nani atakuoa wewe? Mwanamke unashinda na wahuni unauza gemu!”

“Wewe ulitaka kunioa hapa hapa, na zawadi ya wizi mkononi. Toka.”

“Mwaija...”

“Toka kwenye banda langu, Zaidi. Na usikanyage hizo waya, mwenyewe anazihitaji.”

Alitoka. Sitadanganya, iliniuma. Nilifunga banda mapema, nikalia jikoni kwa shangazi huku yeye akichambua ule mchele. Sikuwa namlilia yule mwanaume. Nililia kwa kuwa nilimwachia mtu asiyejua CD inaingilia wapi anichagulie mashine, na nilikuwa karibu kumwachia anichagulie maisha.

“Barua ikija?” shangazi aliuliza.

“Washia jiko.”

Kesho yake Godlisten akanipakia, PS 5 nimeifunga kwenye kanga, tukakutana na Husna Sindeni, njiani kati ya mji wake na wangu. Tulikaa kwa mama mmoja wa chapati. Husna akaifungua kanga yangu, akaishika pedi yake, kidole gumba kikatua pale pale palipolika. Kisha akanisogezea PS 4.

“Hii haichemki tena,” alisema. “Niliifungua. Lilikuwa vumbi tu.”

“Vumbi?”

“Vumbi, dada. Mambo yote haya ni vumbi.”

Tulicheka hadi mama wa chapati akageuka. Kisha akawa makini.

“Niambie ukweli. Kama hii PS 5 imekupendeza, tuzungumze, tubadilishane kwa hiari yetu. Chagua.”

“Nataka yangu, inayomeza CD.”

“Na mimi nataka yangu.”

Hapo hapo simu zetu zikalia ujumbe, moja baada ya nyingine. Tukazilaza mezani pamoja. Maneno yalikuwa yale yale, hata kosa la herufi lilikuwa lile lile:

“Mpnzi nisamehe. Wewe ndiye chaguo langu. Yule mwingine alinirubuni tu.”

“Hata msamaha katengeneza mmoja, anauzungusha,” nilisema.

“Nguo zake nimezipeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi kwenye mfuko wa sandarusi,” Husna alisema, akamalizia chai. “Jumatatu nakwenda kudai talaka yangu. Wewe nenda kafungue banda, wateja wasije wakahamia kwingine.”

Tukasimama, kila mtu akabeba mashine yake. Zaidi akapiga kwangu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga kwa Husna. Husna akanionyesha jina kwenye kioo, akanyanyua nyusi kuniuliza kama namtaka, nami nikamuuliza hivyo hivyo. Simu ikaita hadi ikanyamaza, na Godlisten akawasha pikipiki.