Nguzo Kumi na Mbili za Bertilla

"Kaka, hiyo nondo unainunua au unaipima homa?"

Masanja aligeuka. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika asubuhi ile. Huyu alidai misumari, yule mabati, na makuli wawili walipita na mifuko ya saruji mabegani wakipiga kelele za kuomba njia. Aliyemsemesha alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, amevaa ovaroli ya bluu iliyofifia magotini na sweta zito la kijivu, maana baridi ya Julai ya Sumbawanga haina msamaha. Kichwani alikuwa na kilemba cha kitenge cha njano, kimefungwa kwa madaha kana kwamba anakwenda harusini. Begani alitundika mzingo wa waya wa kufungia nondo.

"Napima unene," Masanja alijibu. "Wanasema ni milimita kumi na mbili."

Mwanamke akaipitisha nondo katikati ya vidole vyake. "Kumi na moja. Kumi na mbili ni lile lundo la kushoto. Hizi wanawauzia wanaume wenye mashati meupe."

Watu wakacheka. Masanja akalitazama shati lake, akacheka pia. Kipimo chake cha chuma kilikuwa kimesema hivyohivyo, kumi na moja.

"Unaitwa nani, dada?"

"Bertilla. Fundi nondo. Ukitaka kujua zaidi, lipia waya huu, mkono wangu mmoja umeganda."

Akalipa. Kabla ya saa sita walikuwa wamekaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chakula, mbele yao ugali wa ulezi na dagaa. Masanja alimweleza kwamba yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia Ilemba na ng'ombe wao yeye akiwa bado mgongoni, na kwamba amesomea ujenzi Mbeya. Bertilla alimweleza kwamba amezaliwa Kasense, na kazi ya nondo alifundishwa na baba yake mdogo, mzee Eustaki, ambaye sasa yumo katika kikosi chake cha mafundi saba.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayemwamuru mzee?"

"Kazini namwamuru. Nyumbani namsalimia shikamoo na kumpelekea maji ya kuoga."

Mapenzi yao yakaanza hapo, bila barua wala mshenga. Jioni simu, asubuhi simu. "Umeamkaje, mpenzi?" "Nimeamka na baridi, wewe uko mbali." Kufikia Septemba, mjini hapakuwa na asiyejua kwamba injinia mrefu wa Kisukuma amenaswa na binti wa nondo.

Mwezi huohuo Masanja alipata kazi nzuri. Shule moja ya wasichana ilikuwa inajenga bweni la ghorofa moja, na wenye shule wakamwajiri asimamie ubora. Kazi yake ilikuwa kukagua, na bila sahihi yake zege halimwagwi. Mkandarasi alikuwa Cleophas, na Cleophas akawapa kazi ya nondo kikosi cha Bertilla.

Cleophas alikuwa na miaka arobaini, hajaoa, ana koti la ngozi na manukato yanayofika kabla yake. Naye alikuwa wa Kasense. Alipomwona Bertilla siku ya kwanza alimsalimia kwa Kifipa, Bertilla akajibu, wakacheka mpaka Bertilla akajishika kiuno. Masanja, ambaye Kifipa chake kiliishia kwenye salamu, alisimama pembeni na mchoro wake kama mgeni aliyesahauliwa mlangoni.

"Mlikuwa mnacheka nini?" alimuuliza jioni.

"Mambo ya kijijini. Alinikumbusha padri mmoja aliyeanguka na baiskeli."

"Ndiyo ucheke vile?"

Bertilla akamtazama. "Masanja, una wivu?"

"Mimi? Wa nini?"

Lakini tangu siku ile alianza kuhesabu. Alihesabu mara ambazo Cleophas alimletea Bertilla chai, mara alizomwita "Tila", jina ambalo yeye hakulijua. Siku Cleophas alipomkabidhi karatasi mpya za mchoro zilizotoka kwa mhandisi mbunifu, Masanja alizipokea bila kumtazama usoni na kuzisokomeza chini kabisa ya faili lake.

Jumanne moja saa nne, Masanja alifika kazini asimwone Bertilla. Akampigia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko njiani kwenda Kirando."

"Kirando? Na nani?"

"Na bosi Cleophas. Kuna kazi ya jengo la soko la samaki, anataka nikaione. Baba mdogo anasimamia vijana leo. Haloo? Mtandao hapa—"

Simu ikakatika. Akapiga tena mara kumi na moja, mara zote hapatikani. Mchana kutwa alimwona kichwani: Bertilla kiti cha mbele, kilemba cha njano, barabara inateremka kuelekea ziwani, Cleophas anabadilisha gia.

Bertilla alirudi magharibi na samaki wa ziwani, migebuka minne mikubwa iliyofungwa kwenye majani. "Nimekuletea mboga."

"Mpe aliyekupeleka," Masanja alisema, na akafunga mlango wa chumba chake.

Alhamisi ilikuwa siku ya ukaguzi. Nguzo kumi na mbili za ghorofa ya chini zilisimama uwanjani kama vizimba virefu vya chuma, zikisubiri mbao na zege. Masanja alipita na tepu yake, uso umekunjamana. Alipima nafasi kati ya ringi, zile pingu za chuma zinazozizunguka nondo ndefu na kuzishika zisitanuke. Katikati ya nguzo alikuta sentimita ishirini. Mchoro wake ulisema kumi na tano. Kwenye nguzo kadhaa aliona na kosa lingine: mikia ya ringi haikukunjwa kuingia ndani, imelazwa tu pembeni.

Akaandika kwenye kitabu cha kazi: *Nguzo zote kumi na mbili zifumuliwe.*

Bertilla alisoma mara mbili. "Zote?"

"Zote. Ringi zimeachana mno."

"Nimezifunga kwa vipimo nilivyopewa na ofisi."

"Ofisi ipi? Ile yenye magurudumu manne iliyokupeleka Kirando?"

Mzee Eustaki akainamisha kichwa. Bertilla akavua glavu polepole, moja kisha nyingine.

"Kumbe hukuja kukagua nguzo," alisema. "Umekuja kunikagua mimi. Haya, injinia, tutafumua. Na namba yangu uifute."

Cleophas alifoka kwamba mvua za Novemba ziko mlangoni, kwamba atawaandikia wenye shule. Masanja akafunga kitabu cha kazi. Moyoni alijisikia mshindi, kwa muda wa kama saa moja hivi. Baadaye alikaa ameshika simu, akiitazama namba aliyoambiwa aifute.

Jumamosi alfajiri, akitafuta kitambulisho chake, alilimwaga faili lote kitandani. Zile karatasi za Cleophas zikajitokeza. Akazifungua kwa mara ya kwanza. Mhandisi mbunifu alikuwa ameongeza unene wa nondo ndefu za nguzo na kubadilisha nafasi za ringi: juu na chini ya nguzo sentimita kumi, katikati sentimita ishirini. Chini kulikuwa na sahihi na mhuri, na tarehe ya wiki tatu nyuma.

Masanja akakaa kitandani. Bertilla alikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyekagua kwa mchoro uliokufa, kwa sababu mchoro hai ulitoka mkononi mwa mwanamume aliyemchukia.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri. Angeweza kunyamaza. Nguzo zingefumuliwa, zingefungwa upya, angepata mwanya wa kusema mhandisi amebadilisha mawazo. Nani angejua? Kisha akamkumbuka Bertilla akivua glavu. Akavaa koti, akatoka bila kunywa chai.

Alipofika kazini, upepo wa asubuhi ulikuwa unapiga kama kiboko. Nguzo tatu zilikuwa zimeshafumuliwa. Bertilla alikuwa amepiga magoti kwenye ya nne, anakata waya kwa koleo, vidole vimevimba kwa baridi. Mafundi walifanya kazi bila hata utani.

"Shikamoo, mzee Eustaki," Masanja alisema. "Simamisheni kazi, tafadhali."

Cleophas akateremka kwenye gari lake. "Kuna nini tena?"

Masanja akazikunjua zile karatasi mbele ya wote. Alisema yote. "Nafasi za ringi ziko sawa. Kosa ni langu. Karatasi hizi nililetewa wiki tatu zilizopita, sikuzisoma. Na sikuzisoma kwa sababu ya wivu. Bertilla, kazi yako ilikuwa nzuri, nikaivunja. Naomba radhi, kwako na kwa mafundi wote."

Fundi mmoja akapiga mluzi wa mshangao. Bertilla aliweka koleo chini.

"Vizuri sana!" Cleophas akapiga makofi. "Injinia amekiri. Basi hizo tatu zirudishiwe leo, zote kumi na mbili tuzipigie mbao, Jumatatu zege."

"Bado," Masanja alisema. "Mikia ya ringi kwenye nguzo nne za upande wa mashariki imelala pembeni. Lazima ikunjwe iingie ndani, ikumbatiwe na zege. Ikiachwa hivyo, siku ardhi ikitikisika ringi zitafunguka, na nondo ndefu zitapinda. Hizo sizitii sahihi."

Cleophas akacheka. "Alhamisi ulisema ringi, leo umekiri ulidanganya. Sasa unasema mikia. Kesho utasema rangi ya waya! Nani atakuamini? Mafundi, pigeni mbao."

Hapo ndipo Masanja alipoona kitu ambacho wivu wake ulikuwa umekivunja vibaya kuliko zile nguzo tatu: neno lake. Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo haikuwa na uzito tena. Juu ya nguzo zile wangelala wasichana themanini.

Bertilla akasimama. Akajipangusa magoti, akatembea hadi upande wa mashariki, akainama kwenye nguzo ya kwanza, akaingiza kidole kwenye mkia wa ringi. Akaenda ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha akamwita mzee Eustaki.

"Baba mdogo, hizi zimefungwa lini?"

Mzee akakohoa. "Jumanne, mwanangu, ulipokwenda Kirando. Msimamizi wa bosi alituharakisha. Kukunja ndani kunachukua muda."

Bertilla akamgeukia Cleophas. "Yuko sawa. Nguzo hizi nne ni mbaya. Siku ya kuzifunga sikuwepo, kwa hiyo kosa ni langu pia. Tunazifumua."

"Tila, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Kaka Cleo, ukipiga mbao kwenye nguzo hizi, kikosi changu kinaondoka sasa hivi, na wenye shule nitawaeleza mwenyewe kwa nini."

Cleophas alimtazama Bertilla, akamtazama Masanja, akatazama mawingu. Akarudi garini. "Fumueni," alisema akiwa dirishani. "Mniletee taarifa Jumanne."

Masanja akavua koti, akachukua koleo. Hakuna aliyemwalika, hakuna aliyemfukuza. Siku nzima alikunja mikia na kukaza waya karibu na mzee Eustaki, ambaye alimsahihisha mara sita. Kufikia saa kumi viganja vyake vilikuwa vimechanika, na mafundi walikuwa wameanza kumtania kwamba waya wake umelegea kama mkia wa ndama mgonjwa.

Bertilla alikuja na kopo la chai, akampa Masanja, akakaa juu ya lundo la mbao.

"Kaa. Nina la kukwambia, na usinikatize."

Akakaa.

"Kule Kirando Cleophas aliniomba nimuoe. Yaani, anioe. Usicheke."

"Sicheki."

"Nilimwambia nitamjibu. Nilifikiri siku mbili nzima. Ni mtu wa kwetu, mama yangu angemfurahia, lugha tunaelewana. Sikukuambia kwa sababu nilijua utawaka."

Masanja alihisi wivu ukimpanda tena. Alilishika kopo kwa mikono miwili. "Siku mbili?"

"Siku mbili. Alhamisi jioni, baada ya wewe kunitukana mbele ya watu, nilimjibu hapana. Nilikuwa nimekukasirikia kuliko mtu yeyote duniani, na bado nikasema hapana. Hilo lilinikera zaidi kuliko maneno yako."

"Bertilla…"

"Sijamaliza. Ile kazi ya Kirando ni ya kweli. Miezi mitatu. Amenipigia simu mchana, anasema pamoja na yote bado anaitaka mikono yangu, kwa kazi tu. Nitakwenda. Mimi na kikosi changu."

"Na yeye atakuwepo?"

"Ni jengo lake, Masanja. Atakuwepo."

Upepo ukapita kati ya nguzo. Masanja alitaka kusema mengi: kwamba asiende, kwamba kuna kazi nyingine mjini, kwamba atamtafutia. Alimeza yote pamoja na chai.

"Wivu wangu haujaisha," alisema mwishowe. "Siwezi kukudanganya kwamba umeisha leo."

"Najua. Unaonekana usoni, kama surua."

"Lakini nenda. Ila kabla hujaondoka, nataka kwenda Kasense kwa wazazi wako. Nitampigia baba Ilemba, atakuja na wajomba. Nataka tuoane, kama bado unanitaka."

Bertilla alikwangua kutu kwenye kucha. Kisha akapaza sauti kwa Kifipa, neno moja refu, na mzee Eustaki kule kwenye nguzo akaangusha koleo na kupiga kigelegele kama mwanamke. Mafundi wote wakageuka.

"Umemwambia nini?" Masanja aliuliza.

"Jifunze Kifipa. Una miezi mitatu."

Wiki mbili baadaye posa ilipokelewa Kasense. Jumatatu iliyofuata Masanja alimsindikiza stendi, akampandishia mizigo kwenye basi la Kirando, mafundi wakiwa wameshakalia viti vya nyuma.

"Nitakupigia kila jioni," alimwambia kupitia dirishani.

"Usinipigie kila jioni. Nipigie ukinikumbuka."

"Basi ni kila jioni."

Bertilla akacheka, akamvuta sikio, na basi likaondoka.